Noti imeandikwa "kughushi ni kifo" na bado feki zikajaa: Marekani ya wakoloni ilikwama wapi?

#1 MwenyeKibanda
Habari za jioni wakuu. Juzi nimepigwa msimbazi feki hapa kibandani. Jamaa kaja saa mbili usiku, umeme umekatika, kachukua mkate na sigara mbili, nikamhesabia chenji 7,500 kwa mikono yangu mwenyewe. Asubuhi naishika ile noti naona imelegea kama karatasi ya daftari la mtoto. Basi hasira zikanipeleka mtandaoni, nikasoma habari za hela bandia mpaka saa nane usiku, nikajikuta niko Marekani enzi zile bado ni makoloni 13 ya Muingereza.

Kilichoniacha hoi ni hiki. Wao ndio walioanza hela ya karatasi duniani, na noti za Pennsylvania, New Jersey na Delaware ziliandikwa wazi juu ya karatasi yenyewe kwamba kughushi ni kifo. Na watu walinyongwa kweli, wengine wakakatwa masikio. Lakini kila ukurasa ninaofungua ni feki, feki, feki. Mimi nadhani noti zao zilichapwa kizembe tu, fundi yeyote wa mtaani aliweza kuzirudia. Wenye ujuzi karibuni.

#2 DogoMbagala
Pole mkuu. Ila umepigwa elfu kumi Kimara ukaenda kulilia Pennsylvania, hiyo nauli umeitoa wapi 😂😂

#3 SonaraDarajani
Umegusa kazi yangu kwa hiyo siondoki. Hiyo "kizembe" usiiseme kwa mkato. Noti nyingi za mwanzo zilichapwa kwa bamba la shaba. Mtu anachonga herufi na nakshi kinyumenyume kwa kichuma chembamba, anapaka wino, anafuta juu, wino unabaki kwenye mifereji tu, halafu karatasi mbichimbichi inagandamizwa kwa nguvu. Sasa nani anajua kuchonga vile? Sonara. Yule yule anayechora majina kwenye vikombe vya fedha vya matajiri. Boston mwanzoni mwa miaka ya 1700 bamba za noti za Massachusetts alichonga John Coney, sonara, na mwaka 1775 kazi kama hiyo akafanya Paul Revere, sonara mwingine. Yaani fundi wa halali na fundi wa haramu wamekaa benchi moja, tofauti ni nani kabisha hodi usiku.

#4 MhasibuMstaafu
Mleta mada pole sana. Nirekebishe kidogo kabla watoto hawajabeba. Sio wao walioanza. Wachina walikuwa na hela ya karatasi mamia ya miaka kabla, na ile noti kubwa ya utawala wa Ming ya 1375 nayo imeandikwa kwamba mghushi atakatwa kichwa na atakayemtaja atapewa fedha liang 250 (liang ni kipimo chao cha uzito). Kwa hiyo hata kitisho cha kifo sio cha Marekani. Ulaya benki ya Stockholm ilitoa noti 1661. Massachusetts ilikuja 1690, na hapo ndio serikali ya kwanza ya upande wa magharibi kutoa noti zake yenyewe, kwa sababu ya aibu fulani: walipeleka jeshi kuiteka Quebec, likapigwa, wanajeshi wakarudi Boston wanadai mishahara na hazina haina kitu. Wakaandikiwa karatasi.

#5 MwenyeKibanda
Asante mzee kwa sahihisho. Kumbe ilianza kama deni la mishahara.

#6 FundiCherehani
#3 kaka yangu heshima yako, ila hiyo hoja ya bamba la shaba kuna mama mmoja aliibomoa yote. Anaitwa Mary Butterworth, wa Rehoboth huko Massachusetts, mke wa mtu, watoto saba. Kuanzia kama 1716 huyu mama alikuwa anatengeneza noti jikoni kwake bila bamba lolote. Anachukua melimeli, anaitia kanji, anailaza mbichi juu ya noti halisi, anapitisha pasi ya moto. Wino unapanda kwenye kitambaa. Halafu kile kitambaa anakilaza juu ya karatasi nyeupe, pasi tena, alama zinashuka hafifu, kisha anakaa na kalamu ya unyoya anakoleza mstari kwa mstari. Wifi yake Hannah anasaidia kuandika, kaka zake wamo, na mzigo unauzwa kwa nusu ya bei iliyoandikwa.

Sasa utamu uko hapa: melimeli ikishatumika inaenda motoni. Bamba la shaba huwezi kulichoma, linakaa ndani ya nyumba kama shahidi. Walipokuja kumkamata 1723 wakapekua nyumba nzima, hawakuona kitu, na ingawa kuna watu wake walishataja kila kitu kesi ikafa. Aliishi mpaka 1775, bibi kizee. Mimi napiga pasi kila siku ya Mungu na sijawahi kufikiria hivyo jamani.

#7 DogoMbagala
Dada usianze kufikiria sasa

#8 Msee_wa_Namanga
Wasee mko na story tamu huku. Mnaongea sana kuhusu ufundi na mmesahau mpaka. Kuna msee aliitwa Owen Sullivan, Mwairishi, alikuja kama kibarua wa mkataba, akajifunza kuchonga, akafungua kazi Boston. Inasimuliwa wakiwa wamelewa na bibi yake wakaanza kugombana, bibi akamropokea kwa sauti kwamba wewe si ni mtengeneza pesa, majirani wakasikia, kwisha. Akafungwa kwenye mkatale akakula viboko 20. Akahamia Providence, huko 1752 wakampiga chapa ya moto na kumpunguza masikio. Unadhani aliacha? Akaenda Dover, upande wa New York, karibu kabisa na Connecticut, mahali panaitwa Oblong, ukanda mwembamba ambao makoloni mawili yaligombania kwa miaka, sheriff wa huku anaogopa kuvuka na wa huko hajali. Akajenga kikosi, mmoja anachonga, wengine wanatembeza, kila koloni na noti zake.

Mimi nimekulia mpakani, naelewa hii kitu bila kufunzwa. Hapo ndio shida, sio wino. Kama kila koloni lina polisi wake na noti zake basi unachapa za Rhode Island ukiwa New York na unazitumia Connecticut. Nani atakufuata?

#9 KijanaWaKaunta
Na alikamatwaje huyo?

#10 Msee_wa_Namanga
Connecticut walichoka wakamtuma jamaa anaitwa Eliphalet Beecher na watu wake, 1756. Wakapekua nyumba moja, wakasogeza kitanda, wakakuta mbao za sakafu zimekatwa, chini kuna shimo amejichimbia. Akanyongwa New York tarehe 10 Mei 1756. Wanasema aliwashauri wenzake wachome mizigo yao ila majina hakutaja.

#11 MhasibuMstaafu
#8 kijana hoja yako ina uzito lakini umeanzia mwisho. Jiulize kwanza kwa nini karatasi ilipokelewa hata ikiwa imechakaa. Sarafu zilikuwa adimu. Makoloni yalinunua Uingereza zaidi ya yalivyouza, kila sarafu ya fedha iliyoingia ilipanda meli kurudi London, na London haikutaka makoloni yawe na kiwanda chao cha sarafu. Boston walijaribu, wakachapa shilingi zenye mti wa msonobari, zote zimeandikwa 1652 hata zilizochapwa miaka mingi baadaye. Sarafu iliyozunguka hasa ni dola ya Kihispania, ile hii hii wazee wetu wa pwani waliyoiita riale kabla ya dola za Maria Theresa kutawala.

Na dola hiyo moja, sikilizeni, New York ilikuwa shilingi 8, Pennsylvania shilingi 7 na nusu, Boston baada ya 1750 shilingi 6, London kwenyewe shilingi 4 na nusu. Shilingi jina moja, thamani nne. Mfanyabiashara wa Philadelphia anapokea noti za makoloni matano kwa siku, kila moja na rangi yake na saini zake za mkono. Atazijua zote? Mimi nimekaa idara ya malipo miaka 31, nilikuwa na noti za nchi moja tu na bado nilipigwa mara mbili.

#12 KijanaWaKaunta
Mzee #11 umenena. Mimi nahesabu hela kwa ajira, na nikwambieni ukweli, noti chakavu ndio inayoumiza. Noti mpya mkono unaijua gizani. Sasa nimesoma kwamba hawa jamaa noti ikichanika walikuwa wanaishona kwa uzi, au wanaichoma pini ya kushonea, au wanabandika karatasi nyuma isiachane. Fikiria unaletewa noti imekatika katikati, ina pini mbili, nyuma imebandikwa kipande cha gazeti. Unaangalia nini hapo? Mghushi hana haja ya kutengeneza noti nzuri, anatengeneza noti mbovu halafu anaichakaza zaidi.

#13 MwenyeKibanda
Aisee hiyo ya pini sikuiona. Na mimi nimepigwa gizani, kumbe giza na pini ni mamoja.

#14 Mwanahistoria_wa_Chai
Mbona hamjamtaja Benjamin Franklin? Huyu ndiye aliyekuwa anachapa noti za Pennsylvania, na alikuwa anakosea spelingi ya jina la koloni lake MAKUSUDI. Noti moja Pensylvania, nyingine Pennsilvania, nyingine Pensilvania. Wachapa feki walidhani ni kosa, wanaandika kwa usahihi, wanakamatwa. Akili kubwa ile.

#15 SonaraDarajani
Hiyo hadithi nzuri ila hebu ifikirie kwa mikono. Anayeghushi hasomi, anafuatisha. Mimi ukiniletea kikuku cha bibi yako nikitengeneze cha pili, kasoro yako naichonga vile vile, sikurekebishii. Na karne ile Waingereza wenyewe jina moja waliliandika namna tatu kwenye barua moja.

#16 Mwanahistoria_wa_Chai
Mkuu kuna mtaalamu wa noti za kale, Eric Newman, ndiye aliyelitoa hilo wazo, sio mimi wa kijiweni.

#17 MhasibuMstaafu
Newman alilisema kweli, na wengine baada yake hawakulikubali. Wapo wanaoona zile spelingi zilitofautisha noti za thamani tofauti, kwamba mtu asichukue noti ndogo akaibadilisha namba ikawa kubwa. Kwa hiyo hapo msigombane, kila mtu abaki na yake.

Lakini Newman huyo huyo ndiye aliyefumbua fumbo la jani. Kuanzia miaka ya 1730 mwishoni Franklin aliweka picha ya jani la mti nyuma ya noti, mishipa yote hadi ile ya unywele. Hakuna mchongaji angeweza kuirudia, maana unene wa kila mshipa hauna kanuni. Alikuwa analilaza jani bichi pamoja na kitambaa kwenye plasta, plasta ikikauka anapata kalibu, anamimina madini ya risasi kama yale ya kutengenezea herufi za chapa. Siri hiyo ilikaa mpaka karne ya 20.

#18 DogoMbagala
Na mnajua tenda aliipataje? Mwaka 1729 aliandika kijitabu cha kutetea kwamba koloni linahitaji hela ya karatasi. Sheria ikapita. Halafu kazi ya kuchapa ikamwangukia nani? 😂 Mwenyewe kaandika kwenye maisha yake kwamba marafiki walimpa kama shukrani. Hapa kwetu angeitwa kwenye kamati.

#19 BintiMahenge
Nimecheka #18. Mimi nimesomea madini, acha niongeze hii. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha Notre Dame walichukua noti za Franklin wakazipima kwa mashine. Wakakuta mambo matatu. Kwanza karatasi ina vinyweleo vilivyotiwa nili, vinaonekana kama nyuzi za bluu. Pili ndani ya karatasi kuna vipande vya ulanga, vinametameta. Tatu wino wake mweusi umechanganywa na madini ya kinywe (grafiti), wakati wengi walitumia masizi ya mifupa au ya mafuta.

Sasa mimi nimezaliwa Mahenge, wilaya ya Ulanga, kinywe tunakikanyaga. Niliposoma hiyo ripoti nikampigia baba nikamwambia mzee, jina la wilaya yetu na madini yetu yote yako kwenye noti ya mzungu ya miaka 250 iliyopita. Akaniuliza, "wamelipa mrabaha?"

#20 KijanaWaKaunta
😂😂😂 baba yako apewe maua yake

#21 MwenyeKibanda
Sasa hapa ndio nachanganyikiwa. Jani, ulanga, nili, kinywe, kitisho cha kifo. Na bado feki zikapita?

#22 Wakili_wa_Kijiweni
Kitisho chenyewe ndio tatizo. Adhabu ikiwa kubwa mno mtu wa kawaida anaogopa kuitoa. Waamuzi wa kesi ni wanakijiji, mshitakiwa ni jirani, fundi aliyekutengenezea kufuli, na ukisema ndiyo ananyongwa. Ushahidi nao ni mgumu kama alivyosema dada #6. Na zaidi ya hapo, mtu akigundua ana feki mkononi afanye nini? Akiipeleka kwa mkubwa amepoteza hela yake. Akinyamaza akampa mwingine, haijampotea. MwenyeKibanda sikuulizi wewe ulifanya nini na ule msimbazi.

#23 MwenyeKibanda
Uko kwenye droo. Sijampa mtu.

#24 Wakili_wa_Kijiweni
Ubaki huko huko mpaka uupeleke kituoni. Ukimpa mteja kwa kujua tayari ni kosa lako, sio la yule jamaa tena.

#25 Shehe_wa_Simbi
Karatasi ndio mama wa uongo. Wazee wetu wa Buganda na Maziwa Makuu walitumia simbi. Nani ataghushi simbi? Bahari ndiyo inachapa.

#26 BintiMahenge
Shehe hata huko kuna mambo. Kabla ya karatasi hao hao wakoloni walitumia shanga za makombe za Wahindi wekundu, nyeusi ya zambarau ilikuwa na thamani mara mbili ya nyeupe. Watu wakawa wanapaka nyeupe rangi. Massachusetts wakaacha kuzipokea kama malipo halali 1661.

#27 Shehe_wa_Simbi
Subhanallah. Binadamu.

#28 Mwanahistoria_wa_Chai
Hela iliyouawa na feki kweli kweli ni ile ya vita vya uhuru. Bunge lao la Kongresi lilianza kutoa dola za karatasi 1775 za kulipia vita. Muingereza akaona hii ni silaha. Januari 1776 kwenye manowari ya Phoenix, bandarini New York, wakaanza kuchapa feki. Na Aprili 1777 gazeti la New York, mji uliokuwa mikononi mwa Muingereza, likatoa tangazo kabisa: anayesafiri kwenda makoloni mengine anaweza kupatiwa noti bandia za Kongresi kwa bei ya karatasi tu, kwa rimu. Kwa RIMU wakuu! Tangazo! Na 1778 kule Hartford, Connecticut, wakanyongwa David Farnsworth na John Blair, wamekutwa na feki za zaidi ya dola 10,000. Vita vya hela kabla ya vita vya hela.

#29 MhasibuMstaafu
Hapa nakataa kabisa. Hesabu ikae mezani. Kongresi yenyewe, kwa mkono wake halali, ilitoa dola kama milioni 241 bila kuwa na uwezo wa kutoza kodi hata senti moja. Majimbo nayo yanachapa zake pembeni. Mwaka 1780 wenyewe wakatangaza dola 40 za karatasi kwa dola moja ya fedha. Mwaka 1781 karatasi hiyo imekufa kwenye soko, na 1790 walioishikilia wakalipwa 100 kwa 1. Muingereza hata angekaa kwenye meli anachapa usiku na mchana, nani alichapa nyingi zaidi?

#30 Mwanahistoria_wa_Chai
Kama feki hazikuwa na uzito mbona Januari 1779 Kongresi iliondoa matoleo mawili mazima, lile la Mei 1777 na la Aprili 1778, kwa sababu ya feki? Watu waliambiwa wazirudishe. Hebu fikiria, mkulima amekaa na noti halali za tarehe hiyo, anaambiwa tarehe yako imeharibika. Kesho atapokea tarehe nyingine? Feki haihitaji kuwa nyingi, inahitaji kutia shaka tu.

#31 KijanaWaKaunta
Hapo #30 umenigusa. Mwaka ule Kenya wanabadilisha noti za elfu, 2019, sisi kaunta huku mpakani tulikuwa tunakataa hata zile zilizokuwa bado halali. Boss katuma ujumbe mmoja tu.

#32 Msee_wa_Namanga
Aki hiyo siku nakumbuka, nilizungushwa maduka sita na thao moja. Sita!

#33 SonaraDarajani
Bado hamjanijibu mimi lakini. Pennsylvania ya Franklin ilikuwa na noti ngumu kughushi na hela yake ilitulia miaka mingi. Rhode Island ilijaa feki na hela yake ikaporomoka. Mnaniambia ufundi hauna kazi?

#34 MhasibuMstaafu
Na Pennsylvania ilitoa kidogo tena kwa dhamana ya ardhi, Rhode Island ikamwaga kama njugu. Tumerudi pale pale sonara.

#35 SonaraDarajani
Tumerudi kwako. Mimi nipo pale pale tangu jana.

#36 Mzee_Tabora
Nimechelewa. Wakati wa vita vya kwanza Mjerumani alizingirwa na manowari za Muingereza, noti kutoka Ulaya haziingii, akachapa rupia hapa hapa kwetu. Za mwisho mwisho ni karatasi ya hovyo na mihuri tu. Babu alikuwa nazo kwenye kibweta. Alisema zilipofika zile za mihuri watu walitaka mtama.

#37 DogoMbagala
Kwa hiyo uzi umeanza Kimara ukapita Boston ukaingia baharini ukatokea Tabora. Konda hapa ni nani?

#38 FundiCherehani
Hivi yule mama wa melimeli baadaye alifanya kazi gani? Maana aliishi miaka mingine 50.

#39 Wakili_wa_Kijiweni
Mama wa nyumbani. Hawakumkuta na kitu.

#40 MwenyeKibanda
Wakuu, msimbazi nimeupeleka kituoni leo asubuhi, wakaandika maelezo yangu na wakabaki nao. Sasa hivi saa moja na nusu yule jamaa wa mkate kapita tena, kaleta elfu tano, sigara mbili. Nimeishika, nimeikunja, nimeinua kwenye taa, nimekwaruza kwa kucha. Ni halali. Akanitazama akasema "vipi bro, huniamini?"

#41 DogoMbagala
Ukamdai?

#42 MwenyeKibanda
Kwa noti gani ya kumuonyesha? Nimempa chenji yake.